Visogo vya Mtondoni

"Msimama nyuma huona kisogo."

Maneno hayo aliyasema Mama Tausi, muuza mihogo ya kuchoma mbele ya ofisi ya kata, na wala hakuwa ameulizwa. Vijana wawili walikuwa wanabishana pembeni ya jiko lake tangu saa tatu asubuhi. Kibwana alishikilia kwamba wanyonge kama wao, wanaotaka usawa, wakipigie kura kile chama kikubwa chenye afadhali, maana kikianguka kitaingia kile kingine ambacho ni balaa tupu. Mwanjaa alijibu kwamba hiyo afadhali amezaliwa ameikuta na haijawahi kumfaa. Waanzishe vuguvugu lao wenyewe, nje ya vyama vyote viwili. Kelele zikafika mahali mihogo inaungua na mwenyewe haoni. Ndipo Mama Tausi akawamwagia methali ile kama mtu anayezima moto, akarudi kupaka pilipili mihogo yake.

Wakanigeukia mimi, kwa kuwa nina mvi na sina kazi.

"Babu, methali hiyo imetoka wapi?"

Imetoka Mtondoni, wajukuu zangu, na namna ilivyozaliwa naijua vizuri, kwa sababu babu yangu mzaa mama alikuwepo. Na kama hakuwepo, basi alisimulia vizuri kuliko waliokuwepo, na mtu wa namna hiyo lazima aaminiwe.

Mtondoni ulikuwa mji mdogo wa chumvi. Upande wa bahari kulikuwa na majaruba, yale mabwawa mapana yenye kina kifupi ambamo maji ya bahari huachwa yakauke juani mpaka chumvi ibaki chini. Wavuna chumvi walishinda humo miguu mitupu wakiikokota chumvi kwa reki za mbao. Na chumvi ya Mtondoni ilikuwa kali. Babu alisema kuku akikatiza jaruba moja tu, alifika ng'ambo ameshaungwa, kilichobaki ni kumtafutia chungu. Sasa fikirini miguu ya binadamu.

Miguu ile ilihitaji kitu kimoja, kuoshwa kwa maji matamu kila baada ya kazi. Maji matamu yalikuwa katika kisima kimoja katikati ya mji, kilichojengewa ukuta na mlango wa mninga, na ufunguo wake ulining'inia kiunoni mwa jumbe, mkuu wa mji. Jumbe alikifunga kisima alasiri ili maji yajae upya kwa ajili ya bustani za mabwana. Wavuna chumvi walitoka majarubani jua likiwa linazama. Walikuta kufuli. Walikwenda nyumbani na chumvi yao miguuni, wakaamka nyayo zimepasuka kama tope la kiangazi.

"Si wangechagua jumbe mwingine?" Kibwana akanikatiza.

Walichagua, bwana! Kila mwaka, siku ya saba baada ya Nairuzi, mwaka mpya wa watu wa pwani, mji mzima ulichagua. Na hapo ndipo penyewe.

Desturi ya Mtondoni ilikuwa hii. Waliotaka ujumbe walisimama uwanjani wakitazama ukuta wa forodha ya zamani, pua karibu iguse chokaa. Baragumu la kwanza likilia, watu walipanga mistari nyuma yao, kila mtu nyuma ya amtakaye. La pili likilia, mpiga baragumu alipita kuhesabu. Mpaka likilia la tatu, hakuna anayeutaka ujumbe aliyeruhusiwa kugeuka. Akigeuka, ameshindwa hata kama nyuma yake umesimama mji mzima na mbuzi wake. Wazee waliiweka sheria hiyo kwa hekima kubwa: jumbe asijue nani amemkataa, asije akamlipizia kisasi. Wanawake nao walipanga mstari kama wanaume, tena wao ndio waliowahi mapema.

Waliosimama ukutani kila mwaka walikuwa ni wale wale wawili. Mmoja aliitwa Sherdadi. Huyu alikuwa na sauti iliyowaondoa kunguru mitini, na aliamini miguu ya mvuna chumvi imeumbwa ipasuke. Wa pili alikuwa Mwinyikai, mtu wa tabasamu na marashi. Mwinyikai alisema "poleni sana" kwa namna ambayo ulitamani kuumia tena ili akwambie tena. Watu mia na sitini walipanga mstari Mtondoni. Sherdadi alikuwa na watu wake sabini. Mwinyikai alikuwa na wa kwake hamsini, na wavuna chumvi arobaini walimwongezea, akawa anapita. Kila mwaka aliahidi kisima kitakuwa wazi mpaka magharibi. Kila mwaka, akishapita, alisema jambo hilo linatazamwa.

Lilitazamwa miaka kumi na minane.

Sasa palikuwa na mwanamke mmoja mvuna chumvi akiitwa Siwatu, wa umri wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye ulimi uliokolea kuliko chumvi yenyewe. Kidole kidogo cha mguu wake wa kushoto kilikuwa kimeshakatwa. Mganga aliyekikata alimwambia bila kuzunguka, "Bi Siwatu, ukilala na chumvi miguuni msimu mmoja au miwili zaidi, nitakata mguu." Naye kazi nyingine hakuwa nayo, wala mtu wa kumlisha.

Siku chache kabla ya Nairuzi, Siwatu akaitupa reki yake katikati ya jaruba, akasema kwa sauti, "Mimi mwaka huu sisimami nyuma ya Mwinyikai."

Reki zote zikasimama.

"Unahamia kwa Sherdadi?" akauliza Tindwa. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wao, mtu mzito wa kuamua, na kila jambo alilipima mara tatu.

"Kwa Sherdadi nikafanye nini, kaka Tindwa? Nitasimama mstari wangu."

"Mstari wako nyuma ya nani?"

"Nyuma ya miguu yangu."

Watu wakacheka. Tindwa hakucheka. "Dada, nakuheshimu, lakini piga hesabu. Sisi tukijitoa, Mwinyikai anabaki na hamsini. Sherdadi ana sabini. Unajua Sherdadi akiupata ufunguo atafanya nini? Atafunga kisima adhuhuri! Mwinyikai angalau hutupa pole."

"Pole haioshi chumvi."

"Ila haiongezi!"

"Kaka," Siwatu akasema, "miaka kumi na minane nimesimama nyuma ya yule bwana. Kisogo chake nakijua kuliko mkewe. Kina mikunjo mitatu kama mkate wa boflo, na wa katikati una kipele. Macho yake yana rangi gani? Sijui. Tulifurahi kwamba jumbe hajui nani kamkataa. Basi hajui pia nani kamweka! Asiyejua nani kamweka atamwogopa nani?"

Lakini hesabu ya Tindwa ilikuwa hesabu ya kweli, wajukuu zangu, nisije nikawadanganya mahali hapa. Siku ilipofika, wavuna chumvi wakagawanyika. Ishirini na watano, Siwatu akiwa mmoja wao, wakapanga mstari wao kando, mbele yao pakiwa ukuta mtupu. Tindwa na wengine kumi na nne walibaki kwa Mwinyikai. Mpiga baragumu, mzee Chande, akahesabu. Mwinyikai sitini na watano. Sherdadi sabini.

Sherdadi akageuka akiwa jumbe. Kunguru wakahama mji.

"Si nilisema!" Kibwana akapiga paja lake.

Ulisema, na Tindwa alisema, na mji wote ulisema. Kesho yake kisima kilifungwa adhuhuri. Siwatu akaitwa Mpasua Mstari. Wanawake waliochota maji naye walimwachia nafasi kubwa kisimani, kama mtu mwenye ukoma. Wengine walitema mate akipita. Alikuwa akichechemea kichwa chini, kwa sababu miguu yao nayo ilikuwa inapasuka zaidi, na yeye alikuwa na sehemu yake katika hilo. Alikubali hivyo mwenyewe. Siku moja alimwambia Tindwa, "Kaka, niliwaumiza."

"Ulituumiza," Tindwa akasema. Hakumpunguzia hata chembe.

"Lakini umeona wanaokosa maji adhuhuri ni akina nani?"

Tindwa akatazama. Kumbe kufuli la adhuhuri halikuwabagua wavuna chumvi tu. Madobi walikuwa wanakaa mlangoni na mafurushi ya nguo chafu. Wachuuzi wa samaki waliorudi mnadani mchana hawakuwa na maji ya kuoshea vikapu. Walinuka hivi kwamba, babu aliapa, paka walikuwa wanawafuata mpaka msikitini. Wote hao walikuwa watu wa Sherdadi au wa Mwinyikai tangu enzi za baba zao. Siwatu akaanza kuwapitia. Hakuwahutubia. Aliketi nao penye kufuli, akavua kitambaa mguuni, akauliza, "Wewe wako vipi?" Basi. Mwaka mzima alifanya hivyo, kutoka kizingiti mpaka kizingiti, kwa mguu mmoja na nusu.

Nairuzi ya pili ikakaribia. Mwinyikai, ambaye alikuwa amekonda kwa kukosa ujumbe, akashuka majarubani mwenyewe na kikapu cha tende. Alivaa makubadhi mapya. Alisimama ukingoni asiyaloweshe.

"Wapenzi wangu," akasema, "mmeona matokeo ya hasira. Mwaka huu turudi pamoja. Kisima kitakuwa wazi mpaka magharibi, mimi nawaahidi."

"Shikamoo, bwana," Siwatu akasema. "Tumesikia. Siku ikifika nenda uwanjani, ukatangaze mbele ya watu wako wa bustani, kwa sauti, kabla ya baragumu."

Tabasamu la Mwinyikai likapungua. "Hilo ni jambo la baada ya ushindi, Bi Siwatu. Ukisema mapema unawaudhi wengine."

"Kumi na minane," Siwatu akasema.

"Kumi na minane nini?"

"Miaka ya baada ya ushindi iliyokwisha pita."

Watu wakaangua kicheko mpaka reki zikaanguka. Mwinyikai akaondoka na tende zake. La, nasema uongo: tende waliziomba, wakala, naye akaondoka na kikapu.

Haya! Siku ikafika. Oneni uwanja ulivyojaa, jua ndiyo kwanza limepanda, kofia nyeupe kila mahali, kanga zikipepea! Sherdadi akasimama ukutani, mabega kama mlango. Mwinyikai akasimama ukutani, mikunjo mitatu na kipele chake. Siwatu akaja akichechemea, akasimama upande wa kulia, halafu akafanya jambo ambalo halijapata kuonekana Mtondoni. Aliupa ukuta mgongo. Akawatazama watu.

Mzee Chande akamkimbilia na baragumu lake. "Bi Siwatu, geuka! Geuza uso ukutani! Sheria unaijua. Ukitazama watu, mstari wako si mstari, hata ukipata mji mzima."

"Naijua, mzee wangu. Wewe hesabu watu tu."

"Nitahesabu vipi kisichohesabika?"

"Kwa kidole, kama kawaida."

Mzee Chande akatikisa kichwa, akapuliza la kwanza.

Wavuna chumvi wale wa mwaka jana wakaenda kwake. Halafu, mmoja mmoja, wale waliokuwa wa Mwinyikai. Siwatu aliwaona wanavyokuja, akawaita kwa majina, na walipofika akawashika mkono. Wakaanza wimbo wao wa kukokota chumvi, ule wa "vuta, mwenzangu, vuta," kwanza chini chini. Dobi mmoja akatoka mstari wa Sherdadi. Akafuata wa pili. Mchuuzi wa samaki akamkokota mkewe, kumbe mke ndiye anayemkokota mume! Wimbo ukapanda. Ukuta wa forodha, alisema babu, ukaanza kudondosha chokaa.

Sasa jiwekeni nafasi ya Sherdadi. Pua yake ipo ukutani. Haoni kitu. Lakini masikio anayo, tena makubwa. Nyuma yake anasikia kandambili: chapa, chapa, chapa. Zinaondoka. Anahesabu: tatu. Saba. Kumi! Wanakwenda wapi? Jasho likamtoka, likajaa viatuni, akawa anasimama kama mtu aliye kwenye jaruba. Wimbo unazidi. Watu wanacheka. Wanacheka nini? Wanamcheka yeye? Shingo ikamwasha. Akaizuia kwa mkono wa kulia. Akaizuia kwa mikono yote miwili! Watu wake wanamnong'oneza, "Vumilia, bwana, vumilia!" Chapa, chapa, watu wawili zaidi...

"NANI HUYO ANAYEKWENDA?" Sherdadi akanguruma, akageuka mzima mzima.

Hata mbuzi waliacha kutafuna. Mzee Chande alistuka akapuliza baragumu bila kukusudia, likatoa mlio kama wa bata.

"Umegeuka," mzee Chande akasema.

"Sikugeuka!"

"Bwana Sherdadi, unanitazama usoni."

Ukawa ndio mwisho wake mwaka ule. Watu wake wakazomewa, wengine wakazomea pamoja na waliowazomea. Mzee Chande akapuliza la pili kwa heshima inayostahili, akapita kuhesabu kwa kidole. Nyuma ya Sherdadi walikuwa wamebaki hamsini na wanane, hawahesabiki tena. Nyuma ya Mwinyikai, arobaini na mmoja. Mbele ya Siwatu, na yeye mwenyewe akiwemo, sitini. Akarudia: sitini.

Na Tindwa? Tindwa alikuwa amesimama katikati ya uwanja peke yake, anapima mara ya tatu. Kisha akaenda kwa Siwatu, miguu yake mizito ikiacha alama mchangani.

"Sijakubali hoja yako," akamwambia. "Nimechoka na kile kipele."

Sitini na mmoja.

Baragumu la tatu likalia. Mzee Chande akatangaza kwa huzuni kidogo, kwani alikuwa mtu wa haki na sheria kwa pamoja, na siku ile vilikuwa vimeachana. Sherdadi ameshindwa kwa kugeuka. Mstari wa Siwatu ni mkubwa kuliko yote lakini si mstari, kwani mwenyewe hakutazama ukuta. Jumbe ni Mwinyikai. Akamvua Sherdadi ufunguo, akaufunga kiunoni mwa Mwinyikai.

Mwinyikai akageuka huku tabasamu ameshaliandaa.

Jamani! Miaka kumi na minane alikuwa akigeuka anakuta watu wameshaanza kutawanyika, migongo kwa migongo, kila mtu anakimbilia kazi yake. Leo hakuna aliyeondoka. Watu wake arobaini na mmoja walikuwa wanatazama chini. Na pale kando watu sitini na mmoja walikuwa wamegeukia kwake, pamoja na Siwatu mbele yao, wanamtazama machoni bila kupepesa. Aliwajua wote. Kwa mara ya kwanza jumbe wa Mtondoni aliona nani hakumtaka, na akaona idadi yao, na akakumbuka kwamba mwaka jana ishirini na watano tu walitosha kumwangusha. Tabasamu likamdondoka. Babu alisema lilitoa sauti.

"Macho yake ni ya kahawia," Siwatu akawaambia wenzake, kama mtu anayetaja bei ya samaki. Kisha akamwendea. "Hongera, Jumbe. Hatukukuweka sisi, kwa hiyo hatukudai ahadi. Tunakuuliza tu kama jirani. Kisima kitafungwa saa ngapi?"

"Jambo hilo..." Mwinyikai akaanza.

"Usiseme linatazamwa," Tindwa akasema. "Leo tunaotazama ni sisi."

Sitini na mmoja wakasogea hatua moja. Hatua moja tu, wala hakuna aliyeinua mkono. Watu wa bustani wakaangaliana. Mmoja wao, mwenye bustani kubwa kuliko zote, akakohoa akasema, "Bwana Jumbe, mimi mboga zangu... zinaweza kunywa asubuhi tu, si lazima zijaziwe."

Mwinyikai akashika kiuno. Akalifungua fundo. Ufunguo ukagongana na pete yake.

"Mpaka magharibi," akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Sema kwa wale wa nyuma, hawasikii."

"KILA SIKU!" Mwinyikai akapaza sauti, na ilikuwa sauti nzuri kumbe, hakuwa ameitumia tu.

Vigelegele! Madobi walirusha mafurushi juu, nguo za watu zikaning'inia kwenye miti ya forodha siku tatu. Siku ile jua lilipokuwa linashuka, wavuna chumvi walitoka majarubani wakakuta mlango wa mninga uko wazi, na foleni ya ndoo, na maji. Siwatu alikaa kwenye kizingiti, Tindwa akammiminia. Chumvi ikatoka nyeupe, ikafanya kijito. Mganga alisubiri ule mguu miaka ishirini na sita. Hakuupata.

Lakini Tindwa, mtu wa hesabu, alikuwa bado hajatulia. Akainamisha ndoo, akasema kwa uchungu, "Dada, sitini na mmoja! Ulikuwa umeupata ujumbe mkononi. Ungetazama ukuta kidogo tu, dakika chache, sasa hivi ufunguo ungekuwa kiunoni mwako. Kwa nini hukugeuka?"

Siwatu alisugua kisigino chake kwanza, taratibu, mpaka kikawa safi.

"Ningegeuka, kaka Tindwa, ninyi mngeona nini?"

Tindwa akafikiri. Alipima mara moja tu safari hiyo.

"Kisogo," akasema.

"Mwakani simameni hivyo hivyo, hata mimi nisipokuwepo. Na atakayetaka kuwaongoza, awatazame. Mmeshajua wenyewe, na mimi mmenifundisha: msimama nyuma huona kisogo."